Ukurasa wa Tatu

Daktari Jabez Kariuki alikuwa mtu wa kupendeza, na hilo ndilo lililomtia Inspekta Nerea wasiwasi. Miaka kumi na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayehojiwa juu ya maiti asubuhi na mapema hana sababu ya kupendeza kiasi hicho.

Walikuwa wamekaa juu kabisa ya nyumba ya wageni, mtaa wa Mkomani, Jumatano saa mbili na nusu. Chini yao Lamu ilikuwa imeshaamka, punda wakipiga kelele kana kwamba wamedhulumiwa. Nerea alifungua daftari lake na kuanza na yale yaliyojulikana. Mwalimu Muhdhar, mhariri wa Jarida la Tungo za Kaskazini, aliokotwa majini Jumapili jioni karibu na gati la Mtangawanda, kisiwani Pate. Watu walisema aliteleza. Daktari wa hospitali alisema jingine: kisogo kilikuwa kimepasuka kwa kitu kizito, na kwenye nywele mlikuwa na nyuzi za buluu za kitambaa kinene, aina ya kikoi. Mkoba wake wa ngozi haukuonekana hadi leo.

"Mimi ni askari tu," Nerea alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jarida la mashairi linaletaje maiti?"

Jabez alitabasamu. "Jarida hupimwa, Inspekta. Kuna tume inayoyapanga majarida kwa madaraja, na tume hiyo haiulizi makala ni nzuri au mbaya. Inahesabu nukuu. Mtu akiitaja makala yangu ndani ya yake, hiyo ni nukuu moja. Jarida likinukuliwa sana linapanda, na walioandika humo wanapanda vyeo. Lisiponukuliwa linakufa."

"Na hili la Mwalimu Muhdhar?"

"Lilikuwa linapanda vizuri. Sisemi kwa kujisifu, lakini mzigo mkubwa umebebwa na makala yangu juu ya Utenzi wa Pazia. Nukuu mia moja thelathini na mbili." Aliitaja idadi hiyo upesi, kama mzazi anayetaja idadi ya watoto wake. "Mwezi ujao nathibitishwa kuwa profesa, Mungu akipenda."

Nerea aliandika yote, pamoja na ile idadi. Alikuwa na tabia ya kuandika hata asivyovielewa.

"Ijumaa iliyopita marehemu aliwaandikia wanabodi saba," alisema, akaisoma barua yenyewe. "'Makala moja katika jarida letu si ya mtu aliyeandikwa jina lake juu. Jumamosi ijayo nitamleta shahidi mbele yenu. Jina lake silitaji, kwa usalama wake.' Wewe u mwanabodi. Uliipata?"

"Sote tuliipata."

"Ni makala gani hiyo?"

"Hakutuambia. Ningekuwa wewe ningemtafuta Bwana Ghassan. Makala zake tatu zilikataliwa na Muhdhar, naye Ghassan akamwapiza mbele ya watu."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Asubuhi nilitoa mhadhara, watu arobaini walinisikiliza. Mchana nililala hapa. Tangu nifike Lamu sijavuka maji." Alimsogezea Nerea kikombe cha kahawa ambacho hakuwa amekiomba. "Huyo shahidi, mmeshampata?"

"Tunamtafuta."

"Fanyeni haraka basi. Mtu kama huyo hayuko salama hata kidogo."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Nerea hakuuhitaji. Jambo hilohilo ndilo lililomnyima usingizi tangu Jumapili. Aliyemuua Muhdhar alikuwa na mkoba wake. Kama jina la shahidi lilikuwamo mkobani, basi shahidi huyo alikuwa kesha hesabiwa saa zake. Na kama halikuwamo, muuaji naye alikuwa akilitafuta, akiwa siku tatu mbele ya polisi. Kabla hajashuka ngazi ya mwisho alikuwa ameshapiga simu kituoni kuuliza. Bwana Ghassan tangu Alhamisi alikuwa amelazwa Malindi, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Huyo tena basi.

Ofisi ya jarida ilikuwa chumba kimoja kirefu katika nyumba ya mawe, kabati tatu za chuma na meza mbili. Meza moja ilikuwa ya marehemu. Ya pili ilikuwa ya Fahima, msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buibui nadhifu, sauti ya chini. Alikuwa na namna ya kujibu swali lililoulizwa na kuishia papo hapo.

Alimpa Nerea ripoti ya miaka kumi ambayo Mwalimu alikuwa akiiandaa kwa ajili ya tume. Makala zilizopokewa: mia tatu na kumi. Zilizochapishwa: mia moja arobaini na nane. Zilizobaki zilikataliwa. Nukuu zote: mia mbili na kumi na nne, na kati ya hizo mia moja thelathini na moja zilikuwa za makala moja.

"Thelathini na mbili," Nerea alimsahihisha, akilitazama daftari lake.

"La, thelathini na moja. Ndivyo ripoti iliyopelekwa kwa bodi inavyosema."

"Daktari Jabez ameniambia thelathini na mbili leo asubuhi."

Mkono wa Fahima ulisimama juu ya karatasi. "Ya thelathini na mbili Mwalimu aliipata Jumamosi alasiri. Aliitia kwa penseli katika nakala yake mwenyewe, akaifunga. Ilikuwa mkobani alipoondoka Jumapili kwenda Pate."

"Nani mwengine aliiona?"

"Mimi na yeye. Basi."

Nerea alivuta kiti, akakaa. Mtu hawezi kuiona nakala iliyo mkobani bila ya kuuona mkoba. Lakini aliwafahamu mawakili. Wakili yeyote angesimama mbele ya hakimu na kusema kwamba marehemu alimpigia mteja wake simu kumpa hongera, na hakimu angeitikia kwa kichwa. Alikuwa amempata mtu wake kabla ya saa nne asubuhi, na hakuwa na cha kumshikia.

"Nifundishe kazi yenu," alisema. "Makala ikifika hapa, inapita wapi?"

"Mhariri hukata jina la mwandishi, akaitia nambari. Kisha huipeleka kwa mpimaji, aisome na aseme inafaa au haifai. Mpimaji hajui anayempima ni nani. Ndiyo sharti, ili asimpendelee wala asimwonee. Anayejua majina ni mhariri peke yake."

"Na zilizokataliwa?"

"Zimo humo kabatini. Mwalimu alizipitia zote mwaka huu. Tume yataka kujua sababu za kukataa."

Walizihesabu pamoja, faili kwa faili, vumbi likiwaingia puani. Zilikuwa mia moja sitini na moja. Iliyokosekana ilikuwa ya mwaka 2015, nambari kumi na saba. Fahima alifunua daftari la wapimaji na kuweka kidole kwenye mstari bila hata ya kuutafuta. Nambari kumi na saba ilipimwa na Jabez Kariuki. Uamuzi wake: haifai.

"Na yake mwenyewe juu ya Utenzi wa Pazia ilitoka lini?"

"Mwaka uliofuata."

Nerea alielewa. Alikuwa ameshughulikia wizi wa ng'ombe, wa pembe na wa mashine za boti, lakini huu ulikuwa mpya kwake: mwizi ambaye sharti la kazi lilimficha jina la aliyemwibia. Miaka kumi Jabez alikuwa hajui mali ile ilikuwa ya nani, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kudai, hakuwa na haja ya kujua. Mpaka Ijumaa, barua ilipomfikia.

"Nani aliyeiandika kumi na saba?"

"Majina ya zilizokataliwa huchomwa baada ya miaka mitano. Nalo ni sharti."

"Sikuuliza karatasi. Nimekuuliza wewe."

Fahima alitazama nje ya dirisha. "Jana saa kumi mkubwa wako alikuwa akinywa kahawa na Daktari Jabez, pale bandarini. Walikuwa wakicheka sana."

Nerea aliona aibu, akaona na hasira juu ya aibu hiyo. "Mimi si yeye," alisema.

"Nakusikia." Alitoa toleo la jarida kabatini, akalifungua kwenye makala ya Jabez na kumkabidhi. "Isome makala hii, Inspekta. Ukurasa wa tatu."

"Una nini ukurasa wa tatu?"

"Wewe soma tu."

"Haya. Nikikuhitaji nitakuita. Usitoke mjini."

Alisoma ukurasa ule mara mbili njiani na mara ya tatu kituoni, asione kitu. Mwishowe aliutupa mezani kwa Konstebo Radhiya, mwenyeji wa Siyu, aliyekuwa akiandika kitabu cha matukio. "Hebu nisomee. Labda mimi na Kiswahili chenu hatujazoeana bado."

Radhiya alisoma kwa sauti. "'Bi Ummu wa Chundwa, mjane wa majuma matatu, alinikaribisha ukumbini kwa bashasha. Hina ya mikono yake ilikuwa bado mbichi, na kikuba cha asumini alichokivaa kilinukiza chumba kizima. Tulikaa sisi wawili tangu adhuhuri hadi magharibi, naye akinighania beti baada ya beti.'" Alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika. "Afande, hii imechapishwa?"

"Miaka tisa iliyopita."

"Mjane wa majuma matatu yuko kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki. Hapaki hina, hajitii manukato, hata wanja hatii. Na mwanamume asiye maharimu yake, si mumewe wala ndugu yake wa damu, hakai naye, sembuse kutwa nzima, wawili peke yao. Hata mke wa Mwalimu Muhdhar, Bi Safaa, taarifa yake nilikwenda kuiandika mimi badala ya koplo wetu mwanamume, kwa sababu hiyo hiyo. Aliyeandika haya hakuwahi kuingia nyumba ile." Alisukuma jarida mbali. "Tena amemvunjia heshima bibi wa watu."

"Kwa hiyo mtu yeyote wa pwani akisoma, atajua?"

"Mtoto wa madrasa atajua."

Nerea alitoa orodha ya walioinukuu makala ile, wakaipitia wote wawili. Majina ya Mombasa, ya Unguja, ya Lamu yenyewe. Masharifu, masheikh, mabinti wa mitaa ya hapohapo. Zaidi ya nusu walikuwa watu wa pwani. Radhiya alifika chini ya orodha, akairudisha mezani.

"Wote hawa wamenukuu," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyesoma."

Nerea hakujua acheke au alie. Alimfikiria marehemu, mtu wa Mkomani, aliyeipokea makala ile na kuichapisha bila ya kutulia juu ya ukurasa wa tatu, kwa kuwa jarida lilihitaji kunukuliwa. Mwaka huu, kwa ajili ya kuhesabu, alilazimika kuisoma. Kusoma huko ndiko kulikomuua.

"Lakini beti zipo," Nerea alisema. "Mtu aliziandika kutoka kinywani mwa Bi Ummu. Nani angeweza kuingia?"

"Mwanamke," Radhiya alijibu. "Mwanamke huingia kwa mjane mlango wazi."

Nerea alikuwa kesha simama, anatafuta funguo. Nambari kumi na saba ilikuwa kazi ya mwanamke, na duniani alibaki mtu mmoja wa kumtaja kwa jina: Bi Ummu. Kama yeye ameweza kufika hapo kwa asubuhi moja, Jabez aliyekuwa na faili lenyewe mkononi tangu Jumapili alikuwa kesha fika zamani.

Boti ya polisi iliwashusha Mtangawanda saa nane kasorobo. Walichukua pikipiki, Radhiya nyuma, Nerea akiendesha mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwengine kwa mwendo alioutaka. Walipofika Chundwa walikuwa weupe kwa vumbi. Mlango wa Bi Ummu ulikuwa umerudishwa tu. Nerea aliusukuma mkono mmoja ukiwa kiunoni, kwenye bastola.

"Hodi hubishwa kwanza," sauti ilisema kutoka ndani.

Bi Ummu alikuwa mzima. Alikaa kwenye mkeka anasuka ukili, bibi mwembamba mwenye macho makali na ulimi ulio mkali zaidi. Aliwatazama wote wawili. "Huyu ni mke wa askari au askari mwenyewe?"

"Askari, Bibi," Nerea alisema, na kwa furaha ya kumwona hai karibu amkumbatie.

"Haya, kaa. Wa yana asubuhi alikuwa mwanamume, sikumngiza ndani."

Furaha ile iliisha papo hapo. "Nani alikuja jana?"

"Mtu wa bara, mrefu, mwenye adabu tele. Alisimama nde ya mlango, akanena nami kwa pazia. Kiswahili chake kizuri kuliko cha watukuu wangu."

Sijavuka maji, Jabez alikuwa amesema. Nerea alikaa mkekani. "Alitaka nini?"

Bi Ummu hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alieleza kwanza kwamba utenzi ule ni wa wanawake wa nyumba yao, husomewa mjane anapokuwa ndani, aliachiwa na mama yake naye akaachiwa na wake. Mwaka alipofiwa, mjukuu wa shoga yake wa Mtangawanda, aliyekuwa akisoma chuo kikuu, alikuja kumpa pole. Akakaa naye siku tatu, akausikia, akaomba kuuandika.

"Nalimpa ruhusa. Isipokuwa mwisho. Mwisho nalimsomea, nikamwambia aushike kwa moyo, asiutie kwenye karatasi. Ule ni wa mjane. Asiyefiwa ana haja gani nao?"

"Wasomi wanasema mwisho umepotea," Nerea alisema. Alikuwa ameona katika orodha ile vichwa kadhaa vya makala zilizoshindana kueleza kwa nini utenzi unakatika ghafla.

"Umepotea!" Bi Ummu alicheka, akajigusa kifuani. "Uko hapa. Na uko kwake. Wasomi wenu wangeuliza ndia, wangeelekezwa."

"Jina lake nani, Bibi? Huyo binti."

"Fahima."

Radhiya aliacha kuandika. Nerea alijiona pale ofisini, amekaa uso kwa uso na shahidi wake, anamuuliza nani aliyeiandika kumi na saba, na yule mwanamke akimpa ukurasa wa tatu kwa sababu hakujua kama askari huyu anaaminika. Alikuwa amemwacha peke yake mezani akamwambia asitoke mjini. Alijichukia.

"Na yule mtu wa jana, Bibi. Ulimwambia jina hilo?"

"Ndilo alilolitaka, ina tu. Alinambia yule kijana ana haki yake iliyopotea, naye ataka kumrudishia. Nikamwambia hata mwisho anao." Bi Ummu aliwatazama mmoja baada ya mwengine, na ukili ukamponyoka. "Nimekosa?"

Nerea alitoka uani kutafuta mtandao, akampigia Fahima. Simu iliita mara sita.

"Inspekta," Fahima alisema, sauti chini kuliko kawaida yake. Nyuma yake ilisikika mashine ya boti. "Nakuja kama ulivyoniita."

"Sijakuita."

"Mtu wa hoteli moja aliniletea wito wako saa sita. Umeandikwa nije Mtangawanda kwa boti ya saa saba, niutambue mkoba wa Mwalimu. Una jina lako na muhuri." Akavuta pumzi. "Lakini mbona Daktari Jabez naye yumo? Amekaa nyuma kabisa. Tangu tulipotoka ananitazama."

"Mko wapi?"

"Tumeshapita mkondo wa Mkanda. Gati laonekana."

"Nisikilize. Kaa na watu. Akikwambia nini, usifuatane naye hata hatua moja. Umenisikia?"

Simu ilikuwa imekatika. Alipiga tena, haikushika. Kituo cha Siyu nacho hakikupokea. Alimwachia Radhiya ulinzi wa Bi Ummu, akawasha pikipiki.

Ile njia ya mchanga na mawe kutoka Chundwa hakuikumbuka baadaye. Alikumbuka kwamba aliomba, yeye ambaye kanisani huenda Krismasi tu, na kwamba alianguka mara moja akainuka na goti limechubuka. Alipofika gatini boti ilikuwa tupu. Nahodha alikuwa akikunja kamba.

"Binti wa buibui, peke yake," Nerea alimuuliza. "Na mwanamume mrefu."

"Wameshuka wote, Afande. Wamepita na ndia ile ya mikokoni." Alionyesha kijia kilichoingia ndani ya mikoko, palepale karibu na alipookotwa Muhdhar. "Mwanamume alikuwa nyuma yake."

Nerea alikimbia. Tope lilimvuta viatu, akaviacha. Kijia kilipinda mara mbili na hakusikia kitu isipokuwa pumzi zake mwenyewe, na kimya hicho kilimwogopesha kuliko ukelele. Alitoa bastola. Kwenye kona ya tatu alisikia watu wakibishana.

Katikati ya njia wanawake watano walikuwa wamekaa chini, vikapu vyao vya sokoni vimewazunguka, kuku wawili wamefungwa miguu. Fahima alikuwa katikati yao. Hatua nne kutoka kwao alisimama Daktari Jabez, begi begani, mkono wa kulia umezama ndani ya begi. Bado alikuwa akitabasamu, lakini jasho lilimtiririka.

"Mama zangu, nimewaeleza," alikuwa akisema. "Nimetumwa na polisi nimfikishe huyu dada. Ninyi nendeni zenu, tunachelewa."

"Si maharimu yake," mwanamke mnene wa mbele alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyasema hayo mara nyingi. "Binti ametwambia hawezi kufuatana peke yake na mwanamume wa kando. Nasi hatumwachi. Polisi akimtaka, na aje mwenyewe."

"Amekuja," Nerea alisema.

Jabez aligeuka. Nerea aliona macho yake yakipima: njia, maji, bastola, wanawake watano na macho yao kumi. Mkono ulitoka begini taratibu, mtupu.

"Inspekta, afadhali. Kumetokea kutoelewana kidogo."

"Weka begi chini. Rudi nyuma. Mikono kichwani."

Ndani ya begi mlikuwa na jiwe la nanga lililofungwa kwa kikoi cha buluu, na chini yake faili lililopinda pembe, limeandikwa 2015/17. Alikuwa amelibeba kutwa nzima. Labda alitaka kulilinganisha na mwandishi wake kabla ya kumaliza kazi. Wasomi wana mambo yao. Fahima alitoa ule wito ndani ya buibui na kumpa Nerea. Muhuri ulikuwa umechorwa vizuri. Sahihi haikufanana na yake hata chembe.

"Nakukamata kwa kughushi hati ya polisi," Nerea alisema akimfunga pingu. "Hilo ni la sasa hivi. La Mwalimu Muhdhar tutalisoma vizuri tukifika Lamu."

"Una jiwe na kikoi," Jabez alisema, bado kwa ule utulivu. "Kila boti huku ina jiwe na kikoi. Na utamwambia hakimu nini? Kwamba makala si yangu? Watu zaidi ya mia wamesema kwa maandishi kuwa ni yangu. Yeye ana nani?"

Nerea aliujua uzito wa watu mia mahakamani. Alimsukuma mbele, wakarudi gatini polepole, wanawake na vikapu vyao nyuma, Fahima kando yake. Nerea alimshika mkono na kumwomba radhi.

Gatini, wakisubiri boti ya polisi isogezwe, Jabez alimgeukia Fahima. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Uso uliobaki ulikuwa wa mtu mwenye njaa, na sauti yake ikawa ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Niambie kitu kimoja tu. Beti zilizokosekana. Miaka tisa nimezitafuta, nimeziandikia makala nne. Yule bibi amesema unazijua. Mwisho wake ukoje?"

Nerea alitaka kumnyamazisha, lakini Fahima aliinua mkono, kwamba mwache. Alimtazama Jabez usoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ikisikika na kila aliyekuwapo.

"Mwisho husomewa aliyefiwa na mumewe, hausomewi mwengine. Juzi nilikwenda kwa Bi Safaa, mke wa Mwalimu Muhdhar. Nimeshamsomea wote."

Kisha akakusanya buibui lake, akaingia botini.